Jina la Katikati

Vidole vya Menna havikuhisi vifungo. Alikuwa amepiga magoti mbele ya mama yake, akimfunga koti, na ilimbidi akitazame kila kifungo ili ajue kama kimeingia tunduni. Kupanga kuku walionyonyolewa katika chumba cha baridi cha kiwanda kulikuwa kumemla ncha za vidole, mwaka baada ya mwaka. Daktari alimwambia aipumzishe mikono. Hakumwambia aipumzishe wapi.

"Gari la kituo limefika?" mama yake, Olwen, aliuliza.

"Linakuja, Mama."

"Na wewe ni nani, mwanangu?"

"Menna."

"Menna wangu yuko shule," mama yake akasema, akacheka kidogo, kama mtu aliyemkamata mwongo.

Gari la kituo cha wazee likaja, dereva akamshika mama mkono, na Menna akaenda kazini. Hivyo ndivyo walivyoishi tangu majira ya baridi, mama alipoacha jiko linawaka akaunguza pazia. Mchana kituo kilikuwa na macho ya kumtazama. Lakini diwani wa kata yao, Trefor Pugh, alitaka kifungwe. Madiwani wa halmashauri walikuwa wamegawanyika nusu kwa nusu, na kiti cha kata yao, bonde la Cwm Rhedyn, ndicho kingeamua. Kituo kikifungwa, Menna angeacha kazi. Hapakuwa na mtu mwingine.

Siku hiyo ilikuwa siku ya kura, na aliyesimama dhidi ya Trefor alikuwa Dai Mkate, aliyetaka kituo kibaki.

Katika bonde lile nusu ya watu ni Evans na nusu ni Davies, kwa hiyo mtu huitwa kwa kazi yake, na kazi ikifa jina hubaki. Siân Majeneza alikuwa msusi. Aliyechonga majeneza ni babu yake. Dai Mkate alioka kweli, kama baba yake Lloyd Mkate kabla yake. Vipeperushi vyake vilikuwa na picha ya mkate wa boflo na maneno makubwa: MPE DAI MKATE. Watu walicheka, wakavibandika madirishani.

Jioni basi la kiwanda liliwashusha wanawake mbele ya ukumbi wa kanisa. Trefor alikuwa amesimama langoni na ua la kitambaa kifuani.

"Menna! Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Mwambie namsalimia. Nampenda sana yule bibi."

"Hatakukumbuka."

"Basi ana bahati kuliko wapiga kura wangu," Trefor akasema, akacheka peke yake.

Menna akaingia wa kwanza. Akapewa karatasi, akaenda kibandani, akaishika penseli iliyofungwa kamba. Akasoma. Akasoma tena.

Evans, David Idris. Mgombea huru.

Evans, David Lloyd. Mgombea huru.

Pugh, Trefor. Mgombea huru.

Dai Mkate hakuwapo. Dai ni kifupi cha David, naye ni Evans, lakini David Evans walikuwapo wawili. Majina ya wagombea yalikuwa yamebandikwa kwenye mlango wa maktaba, lakini maktaba ilifungwa mwaka uliopita na hakuna aliyepita tena njia ile.

Akarudi mezani. Karani alikuwa Bi Beynon, jirani yake, ambaye kila Jumamosi hununua kwa Dai mkate wa zabibu.

"Bi Beynon, Dai ni yupi?"

Bi Beynon akamtazama mwanamume mgeni aliyeketi kando yake, aliyetumwa na halmashauri.

"Siruhusiwi kusema, mwanangu."

"Unamjua tangu akiwa na nepi."

"Namjua. Siruhusiwi."

"Nitikisie kichwa tu."

"Bibi," yule mwanamume akasema kwa upole, "chagua jina unalolitaka."

Menna akarudi kibandani. Alijua desturi ya kwao: mtoto wa kiume hubeba jina la baba katikati. Baba yake Dai alikuwa Lloyd. Jina lile bado lilikuwa limechorwa juu ya mlango wa duka. Akaweka alama, akiitazama penseli ili asiiangushe.

Nje wenzake walikuwa bado kwenye foleni. Siân Majeneza akamwuliza, "Vipi, umempa mkate wake?"

"Wako wawili. David Evans na David Evans."

"Mungu wangu! Mwingine ni nani?"

"Sijui. Lakini wetu ni Lloyd. Jina la baba yake."

"Ah, kweli! Lloyd Mkate!" Siân akageuka, akapaza sauti kama muuza samaki. "Jamani, sikieni! Ni Lloyd! Tusipotee! Lloyd!"

Neno likaenda kwenye foleni, likashuka mtaani, likaingia baa, likagongwa milangoni mwa wazee. Menna alipokwenda nyumbani alilisikia likitoka mdomoni mwa mtu asiyemjua.

Kesho yake aliomba ruhusa kazini akaenda ukumbi wa michezo wa halmashauri, kwa sababu Dai alimwomba awe shahidi wake wakati wa kuhesabu. Kura zilipangwa marundo matatu. Rundo la Trefor lilipita kila moja ya yale mengine mawili. Yale mawili yakiwekwa pamoja yangelifunika.

Trefor akaja kumpa Dai mkono. Nyuma yake, karibu na mashine ya chai, alisimama kijana mwenye koti jipya, aliyeuza magari kwenye yadi ya Trefor upande wa pili wa wilaya. Huyo ndiye David Lloyd Evans. Alikuwa akiangalia simu.

"Umemleta wajina wangu," Dai akasema.

"Sheria haimkatazi mtu kuitwa David, Dai bwana."

"Hajagonga hata mlango mmoja."

"Ana haya. Watu wameipenda haya yake." Trefor akamgeukia Menna. "Pole, Menna. Hii ndiyo demokrasia, siyo?"

Alipoondoka, Menna akasema, "Mbona hukuandika Dai Mkate?"

"Waliniambia naweza." Dai alikuwa akizitazama kucha zake, zenye unga. "Niliona aibu. Karatasi ya serikali, nijiandike Mkate? Nikataka siku moja niitwe kama nilivyobatizwa."

"Idris."

"Jina la baba yake mama. Aliyepewa jina la Lloyd alikuwa kaka yangu. Alikufa mchanga kabla sijazaliwa, na mama hakutaka kulirudia jina." Akatikisa kichwa. "Sielewi, Menna. Yule kijana hajulikani na mtu. Nani aliwaambia wampigie?"

Menna akafungua mdomo. Mtu wa usafi alikuwa ameanza kukunja meza.

"Sijui," akasema.

Kituo kilifungwa kabla ya majira ya joto. Asubuhi ya kwanza mama yake aliamka mapema, akavaa kofia, akaketi kitini dirishani na mkoba mapajani. Menna alimwambia kwamba leo hakuna gari. Mama akaitikia vizuri, kisha akainua kidevu ili afungwe koti. Menna akapiga magoti, akalifunga, kifungo kwa kifungo.

Dai alikuwa ameacha mkate mlangoni, kama alivyofanya tangu siku ile, bila kubisha. Kwenye gari lake, lililokuwa likiishia mwisho wa mtaa, bado kulikuwa na picha ya boflo. Menna akauokota mkate. Ulikuwa unatoa mvuke. Akaushika kwa mikono miwili, akasimama kizingitini akingoja joto limfikie.

Huko mtaani basi la kiwanda, ambalo hakulipanda tena, likapiga honi.

"Hilo limefika," mama yake akasema, akashika mkoba, akainuka.