Kamba ya Randa

Kiharusi kilimwachia Chuma ulimi wote na nusu ya mwili. Mkono wa kuume ulining'inia begani kama nguo ya kuazima. Na mama yake, aliyekata roho alfajiri, alikuwa azikwe alasiri ile ile katika jeneza ambalo Chuma alimwahidi kulichonga mwenyewe. Ahadi ni deni.

Sanduku lilishasimama: mkewe alimshikilia misumari, naye akaigonga kwa kushoto, mpaka mke akaitwa kumwosha marehemu. Kilibaki kifuniko. Chuma akasukuma randa peke yake. Randa ikaruka, ikaung'ata ubao, ubao ukapasuka kati. Ukabaki mmoja tu.

"Bwana!" alifoka. "Miezi saba nakuomba huu mkono! Umenyamaza kama hakimu aliyehongwa. Hata leo, kwa ajili ya mama?"

"Usimpigie Mungu kelele, si kiziwi," ilisema sauti mlangoni.

Alikuwa mdogo wake. Hawakuwa wamesemezana karibu miaka kumi, tangu Chuma alipomfukuza kwenye karakana hii ya baba yao, mbele ya wateja, akimwita goigoi.

"Umekuja kunicheka?"

"Nimekuja kumzika mama. Kukucheka kuna siku yake." Akautazama ubao uliopasuka. "Haya, kaka, goigoi nani leo?"

"Toka!"

"Nitoke, mama azikwe wazi kama sahani?"

Chuma akaitazama randa. Ilikuwa ya baba. Mbele ilikuwa na tundu la kupitishia kamba: mkubwa alisukuma nyuma, mdogo akavuta mbele, na baba aliwachapa wote wawili ubao ukitoka na mabonde. Siku ile ya kumfukuza mdogo wake, Chuma aliikata kamba kwa patasi. "Ya nini?" alisema. "Mimi natosha."

Natosha! Neno lake mwenyewe likamrudia. Kama Mungu angemrudishia mkono asubuhi ile, kazi yake ya kwanza ingekuwa kumsukumia mdogo wake nje. Aliijua nafsi yake. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Kuna kamba nyuma ya mlango," alisema, na kila neno lilitoka kama msumari wenye kutu.

"Kwa hiyo?"

"Nisaidie."

"Sijasikia."

"Nisaidie, ndugu yangu wa tumbo moja! Siwezi! Umefurahi?"

Mdogo mtu hakufurahi. Alipitisha kamba tunduni, akaifunga fundo lile lile la utotoni, akavuta. Chuma akasukuma kwa kushoto, kifua kikiegemea randa. Mara ya kwanza ikakwama, wakatukanana. Mara ya pili ikateleza, na utepe mwembamba wa mbao ukajikunja mrefu, bila kukatika.

"Unasukuma kama mgonjwa."

"Mimi *ni* mgonjwa, mjinga wewe!"

Tangu augue hakuwahi kulitamka hilo mbele ya mtu. Alishangaa kwamba paa halikumwangukia. Alishangaa zaidi kuona ubao unalainika.

"Asante, Bwana," alinong'ona, jasho na machozi vikidondokea mbao. "Kumbe ulishanijibu."

"Unaongea na nani?"

"Na yule asiye kiziwi. Vuta, goigoi, mama anasubiri."