Mafungu Mawili ya Mzee Maige

Mume wangu Maige alifanya kazi miaka ishirini na saba kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na kazi yake ilikuwa moja tu: kuangalia. Mkulima akimwaga pamba, yeye anaingiza mkono, anavuta kidogo, anainua kwenye mwanga, anasema. Nyeupe isiyo na doa ni safi. Ya manjano, yenye majani au iliyoliwa na wadudu ni fifi. Akishasema amesema. Hata wakulima waliomtukana walikubali kwamba jicho lake halipendelei mtu.

Ulipokuja wakati wa soko huria, kiwanda kikapunguza watu na Maige akapunguzwa. Akarudi Kitangiri, kwenye nyumba yetu iliyobanwa na mawe, akiwa na jicho lile lile lakini hana pamba. Basi akaanza kuchambua dunia.

Sitanii. Aliweka meza sebuleni, akaokota magazeti kila alipoyaona, hata yale niliyofungiwa sukari, akayakata kwa mkasi wangu wa kushonea. Habari iliyotimiza unabii aliiweka kulia: safi. Habari za kawaida, wizi wa mabati na mpira wa miguu, kushoto: fifi. Vita vya Ghuba, safi. Urusi kusambaratika, safi, baada ya kuifikiria wiki nzima. Ile mistari myeusi kwenye sabuni za kutoka nje, ati alama ya mnyama, safi kabisa. Tangu siku hiyo nikinunua sabuni yeye anakwangua karatasi kwa kisu kabla sijafulia. Magugu yaliyovamia ziwa letu aliyahamisha mara tatu. Nilimwambia magugu ni magugu. Akanijibu, "Mama Winnie, wewe hujui kuangalia."

Kila Alhamisi alasiri watu walikuja kumsikiliza, akiwemo jirani yetu Antoni, ambaye naye alipunguzwa kazi. Siwacheki. Mtu aliyezoea mshahara na king'ora cha kuingia kazini, vikaondolewa siku moja bila yeye kuulizwa, anatamani aambiwe kwamba kuna mahali jambo hilo limeandikwa. Mume wangu aliwaambia kwa upole, nao walirudi makwao wakiwa wamechangamka kidogo.

Halafu ikaja Mei ya mwaka tisini na nne. Redio ikatangaza kwamba maiti za watu waliochinjwa Rwanda zinateremka na mto Kagera mpaka ndani ya ziwa. Mto ule uko ng'ambo ya mbali, lakini maji hayana ukuta. Mjini watu wakaacha kula samaki. Mimi nilikuwa nauza dagaa soko la Mwaloni, pale Kirumba, na wateja wangu wa miaka kumi walipita mbele ya meza yangu wakiangalia pembeni. Nilirudi nyumbani na magunia mawili ya dagaa wazuri, wakavu, waliovuliwa kabla ya hayo yote.

Maige hakuhitaji wiki nzima safari hii. Aliikata habari ile, akaiweka kulia juu ya zote. Maji yamekuwa damu, alisema. Akapiga marufuku samaki ndani ya nyumba yake. Mimi nikala dagaa zangu jikoni peke yangu.

Tatizo lilikuwa Winnie. Binti yetu huyu aliolewa Geita, na alikuwa amekuja kwetu kujifungua mtoto wake wa kwanza, kama desturi yetu ilivyo. Mimba ilikuwa ya miezi saba. Nesi wa zahanati alimfunua kope, akaguna. Damu ni kidogo, alisema. Ale maini, ale mchicha, na kama maini hayapatikani ale dagaa kila siku, la sivyo siku ya uchungu itatushinda. Maini hayakupatikana. Dagaa walikuwa magunia mawili. Winnie alimwangalia baba yake, akala mchicha.

Nilijipa moyo kwamba nitamshawishi polepole. Ikafika Alhamisi. Antoni akauliza kuhusu pale Bwana anapowasikitikia wenye mimba na wanaonyonyesha katika siku za mwisho. Mume wangu akaeleza. Alieleza vizuri, kwa sababu kila kitu anakieleza vizuri: kukimbia na tumbo, kukosa maziwa, kuzaa mtoto ili uone anavyokufa. Mzee wa watu alisahau kwamba nyuma ya pazia la chumba kuna mwanamke mwenye tumbo, na ni wa kwake.

Kesho yake Winnie hakula hata uji. Siku iliyofuata hivyo hivyo, midomo ikaanza kupasuka. Nilipomsihi, alifungua sanduku lake, akatoa vipande vya khanga kuukuu nilivyomkatia kwa ajili ya mtoto, akavikunja vizuri, akanipa.

"Mama, wape wenye shida navyo," alisema. "Huyu bora asije."

Hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Nilisimama pale nimekumbatia vitambaa, nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, halafu woga ukageuka hasira, maana mimi sijaumbwa kuogopa kwa muda mrefu. Nilitoka nikaenda sebuleni, nikavibwaga vile vitambaa juu ya meza ya Maige, katikati ya mafungu yake.

"Haya, mwangaliaji. Vipange hivi. Safi au fifi?"

"Ni nini hivi?"

"Nguo za mjukuu wako. Mama yake amezirudisha. Amesikia mahubiri yako ya Alhamisi na ameamua mtoto asije. Leo siku ya pili hali chakula."

Alivua miwani. "Mimi sikumsema yeye, mama Winnie."

"Ulimsema nani? Mwenye mimba hapa ni nani, Antoni?"

Nilitegemea aniletee mistari ya Biblia. Badala yake akaweka kiganja juu ya ile habari ya Kagera, macho yamejaa maji.

"Getruda," alisema, na jina langu hakuwa amelitaja tangu Winnie azaliwe. "Watu wale ni wengi mno. Watoto pia. Kama haya hayamo kwenye Kitabu, basi wamekufa bure tu. Mimi siwezi kulala na hilo."

Hapo hasira ikanipungua, kwa kuwa na mimi sikuwa nalala. Nilivuta kiti nikakaa. Tulikaa pale, watu wazima wawili na magazeti yao.

"Wewe unaitwa nani?" nikamuuliza baadaye.

"Umeanza nini sasa?"

"Jibu tu."

"Maige."

Kwetu Usukumani jina hilo halihitaji maelezo. Maige ni nzige. Mtoto huitwa kwa jambo lililompokea duniani, na huyu alipokelewa na nzige, mwaka walipofunika jua na kumaliza mtama wote. Katekista wa wakati ule, mama mkwe mwenyewe alinisimulia, alipita kila nyumba akisema sura ya tisa ya Ufunuo, ile ya nzige, imetimia, watu watubu, hakuna haja ya kulima tena.

"Safi ile," nilimwambia. "Nzige wenyewe kabisa. Na mama yako alikuwa na tumbo. Alifanya nini?"

Aliinuka. Akachukua fungu zima la kulia, akatoka nalo uani. Nikadhani nimemuudhi, ameenda kwa Antoni. Baada ya kitambo nikachungulia.

Mume wangu, ambaye hakuwahi kuingia jikoni hata nikiwa na homa, alikuwa ameketi chini kivulini. Magazeti ya unabii ameyatandaza, na juu yake amemwaga dagaa kutoka gunia langu. Anachambua. Anainua mmoja mmoja kwenye mwanga, anatoa mchanga na vijiti, mzima kulia, aliyevunjika kushoto. Nusu saa kwa sahani moja! Nilitamani kucheka na kulia, sikufanya lolote kati ya hayo. Nikawasha moto. Kukaanga alikaanga mwenyewe, akaunguza upande.

Aliingia chumbani kwa Winnie na sahani, mimi nikabaki mlangoni.

"Shikamoo, baba," Winnie alisema bila kuinuka.

"Marahaba, mama." Akakaa ukingoni mwa kitanda. "Nzige walipokuja, bibi yako alikuwa na mimba yangu kama hii yako. Wakala shamba lote. Watu wakamwambia dunia imekwisha, na yeye aliamini, alikuwa mtu wa dini kuliko mimi. Basi akachukua kikapu, akawaokota wale nzige, akawakaanga. Akala mpaka nikazaliwa."

Winnie alimtazama. "Kwa hiyo mwisho hauji?"

"Utakuja. Mimi sijabadilika." Akachota dagaa kwa vidole vitatu, akala kwanza yeye, akatafuna, akameza kwa shida. "Lakini bibi yako alikula."

Alisogeza sahani. Mkono wa binti yangu ulichukua muda kutoka ndani ya shuka. Ulipotoka nikaondoka mlangoni, maana machozi yangu sipendi yaonwe.

Magunia yale tuliyala mpaka chini. Agosti, saa nne asubuhi, Winnie alijifungua mtoto wa kike pale zahanati, na yule nesi aliyeguna safari hii hakuguna.

Siku ya kumtoa mtoto nje watu walijaa uani. Antoni, bila nia mbaya, akasema mtoto wa mwaka kama huu jina lake linajulikana: ama Vita, ama Kagera, ili wajukuu wakumbuke. Wengine wakaitikia. Ndiyo desturi yetu.

Maige alikuwa amempakata, amemfunga kwenye vile vitambaa.

"Mimi nimebeba nzige miaka sitini na mitatu," alisema. "Huyu hatabeba maiti. Ataitwa Minza."

"Minza ndiye nani, baba?" Winnie akauliza.

"Bibi yako aliyekula," akasema mume wangu, akampa Winnie mtoto wake.