Injini ya Kombi Sebuleni kwa Isaka

Mwaka ule wa Operesheni Vijiji, gari lililokufa nyuma ya nyumba ya Isaka lilikuwa limetimiza miaka miwili pale. Lilikuwa kombi la wale Wazungu wanaotembea nchi wakilala humo humo garini. Ndani lilikuwa na kitanda cha kukunja, kabati, jiko dogo la mafuta ya taa na mapazia ya maua. Mume na mke waliokuja nalo walikuwa wakitoka kusini kwenda Arusha, injini ikawafia njia panda ya Mkiwa. Isaka na mkewe Cecilia waliwakaribisha siku tisa, mpaka wale wageni walipokata tamaa wakapanda basi. Kabla ya kuondoka walimpeleka Isaka kituo cha polisi wakaandikisha gari kwa jina lake. Yeye alikataa mara mbili, wakamshinda kwa kubembeleza. Tangu siku hiyo kuku ndio waliotaga juu ya kile kitanda.

Mkiwa ilikuwa barabarani tayari, kwa hiyo Isaka na Cecilia hawakuhama. Walihamiwa. Familia zaidi ya mia zilishushwa na malori zikapewa viwanja, na zahanati haikuwepo. Mwezi wa Julai mwenyekiti wa kijiji, Mazengo, aliitisha mkutano. Alisema serikali imeahidi zahanati, lakini wagonjwa hawasubiri ahadi. Kisha akamgeukia Isaka akamuuliza, mbele ya watu wote, kama lile gari la Wazungu linaweza kufufuka likawa la kubebea wagonjwa.

Watu wote walijua kwamba Isaka alifanya kazi karakana ya reli miaka kumi na tisa. Alikuwa amefungua injini nyingi kuliko vichwa vilivyokuwa pale mkutanoni. Angeweza kusema hapana, lakini hapana ingetaka sababu, na sababu hakuwa tayari kuitaja. Akasimama akasema gari litatembea kabla ya mvua. Watu wakapiga makofi.

Sababu ilikuwa macho. Kwa muda wa mwaka na nusu ukungu ulikuwa ukimwingia, kwanza jicho la kushoto, halafu la kulia. Nyuso za watu zilikuwa zimefutika, zimebaki vivuli vyenye sauti. Baba yake mzazi alikufa kipofu baada ya kuongozwa kwa fimbo miaka kumi na mmoja, na Isaka ndiye aliyeishika ncha ya ile fimbo utotoni. Aliamini zamu yake imefika. Hakumwambia mtu, hata Cecilia. Alijifunza kuhesabu hatua mpaka kisimani, akawa anapita barabarani ameinamisha kichwa ili asilazimike kumtambua mtu.

Kazi aliianza kesho yake. Yeye na Haji, dereva wa lori la ushirika aliyekuwa jirani yao, waliinua matako ya kombi juu ya magogo, wakafungua boliti nne, wakaiteremsha injini taratibu kwenye gunia lililojaa pumba. Haikuwa nzito sana. Ni injini isiyotumia maji, inapozwa kwa upepo wa feni tu. Waliibeba mpaka sebuleni, kwa sababu nje kulikuwa na vumbi, na vumbi ni sumu kwa injini iliyofunguliwa. Hivyo ndivyo Isaka alivyomweleza mkewe. Hakumwambia kwamba sebuleni alizijua kona zote kwa mikono.

Ugonjwa aliukuta siku ya pili. Valvu moja ilikuwa imeungua ikakatika kichwa, nacho kikatoboa pistoni, na vipande vikasagasaga beringi. Haji alikuwa akipita na lori kote mkoani, akapata habari ya kombi jingine lililopinduka na kuachwa kwenye misheni moja. Masista wakamruhusu kuchukua alichotaka. Alirudi na pistoni mbili, valvu nzima, na beringi ambazo zilikuwa bado nzuri.

Kwa wiki tano sebule ilinuka mafuta ya taa. Cecilia alizipisha pistoni mezani, yeye na mumewe wakala chakula jikoni. Isaka alipanga kila kitu kwenye vyombo: nati za silinda kwenye sufuria, valvu kwenye kibuyu kilichokatwa, ringi zimening'inizwa kwenye kijiti. Alisugua kila kipande kwa kitambaa, akikipapasa kwa kucha kutafuta ufa. Waliochungulia dirishani walisema hawajaona fundi mwenye subira kama yule, anayefanya kazi huku amefumba macho kama mtu anayesali.

Vidole vyake vilimtosha mpaka alipofika kwenye gia mbili. Injini ile hugawanyika katikati kama ganda la karanga, na ndani yake gia kubwa ya kuendesha valvu huuma gia ndogo ya shafti kuu. Gia kubwa ina nukta moja. Ndogo ina nukta mbili. Ile moja lazima ikae katikati ya zile mbili, vinginevyo valvu zinafunguka wakati usio wake. Nukta zenyewe ni vitobo vidogo kuliko punje ya uwele, na zilikuwa zimejaa nta ya mafuta ya miaka. Isaka alizitafuta kwa ukucha asubuhi nzima. Akapata kitu alichodhani ni nukta, akahesabu meno, akafunga mapande mawili ya injini, akakaza nati zote.

Siku ya kuwasha, vijana kumi na wawili walilisukuma kombi kwenye mteremko wa njia ya Itigi. Lilikoroma, likapiga chafya, likatema moto kwa juu kupitia kwenye kabureta. Wakalirudisha juu, wakasukuma tena. Mara ya nne Mazengo mwenyewe aliweka bega. Halikuwaka. Isaka alijua kosa liko wapi tangu ile chafya ya kwanza. Mazengo alimshika mkono akamwambia kwa upole kwamba wamejaribu, na vitu vya Wazungu vina siri zake. Upole ule ulimuuma kuliko tusi.

Asubuhi iliyofuata Cecilia alimkuta amekaa kwenye ngazi ya mlango wa kombi. Alimletea uji, akauweka kando yake, naye akaupiga kikumbo kwa mguu bila kuuona. Cecilia aliutazama uji ukinywewa na mchanga. Alikuwa na maneno ya mwaka mzima kifuani, na siku hiyo yalimtoka.

"Baba Laurian," alisema, "kama kuna mwanamke mwingine niambie leo. Nimechoka kuishi na mtu asiyenitazama."

Isaka alishtuka. Alikuwa amejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo.

Cecilia aliendelea, sasa kwa Kinyaturu, kama walivyozoea wanaposema la moyoni. Alimkumbusha jinsi alivyompita Theodora, dada wa Cecilia mwenyewe, njiani bila salamu, siku tatu tu baada ya Theodora kufiwa. Alimkumbusha kwamba barua ya mtoto wao Laurian ilifika mwezi wa Mei, naye akasema ameisoma, Laurian hajambo, kisha akaificha chini ya godoro. Barua gani ya mtoto husomwa ikafichwa? Alisema ameona mumewe akigeuza uso kila anapoingia chumbani, na kwamba amekuwa akijiuliza amekosa nini.

"Sioni," Isaka alisema.

"Huoni nini?"

"Sioni, Mama Laurian. Macho. Wewe hapo nakuona kama moshi. Theodora sikumwona. Barua sikuisoma, nilishindwa. Na injini nimeifunga vibaya kwa sababu kuna vinukta viwili vitatu vimenishinda."

Isaka alisubiri kilio, kwa kuwa mama yake alilia hivyo siku baba yake alipotangaza kwamba haoni. Badala yake alisikia mkewe akishusha pumzi ndefu, kama mtu anayetua mtungi kichwani, kisha akakaa kando yake kwenye ngazi ile nyembamba, bega kwa bega.

"Kumbe ni macho," alisema. Akarudia mara ya pili, "Kumbe ni macho tu."

Isaka alitaka kumwambia kwamba macho si jambo la kusema "tu". Lakini alisikia sauti yake imelegea kwa furaha, akaelewa kwamba kwa mwaka mzima mwenzake alikuwa akiogopa jambo kubwa zaidi, na kwamba hofu mbili zimekuwa zikilala kitanda kimoja bila kuambiana. Alicheka bila kutaka. Cecilia naye akacheka, akafuta machozi kwa upindo wa kanga. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka uliopita Isaka alihisi mabega yake yameshuka.

Cecilia alikwenda kuitoa barua. Alikuwa amesoma kisomo cha watu wazima miaka miwili, jioni, chini ya mwalimu Yustina, na alisoma polepole akiweka kidole chini ya kila neno. Laurian, aliyekuwa mwalimu Kinampanda, alikuwa akiwaarifu kwamba mkewe amejifungua mtoto wa kike salama, na kwamba anaomba babu yake ampe jina. Mtoto alikuwa na miezi minne sasa, bado akiitwa mtoto. Wakapatana papo hapo aitwe Anastazia, jina la mama yake Isaka, na Cecilia akaandika jibu kwa mkono wake.

Mchana huo injini iliteremshwa tena. Haji aliposikia kisa alisema tu, "Shikamoo mzee, ungeniambia mapema," akaenda kutafuta pumba.

Safari hii walifanya kazi wawili mezani. Isaka alifungua, Cecilia akatazama. Alizichokoa gia kwa mwiba na mafuta ya taa, akazileta dirishani, na baada ya muda mfupi alisema ameziona nukta: moja hapa, mbili pale, na ile moja haiko katikati, iko jino moja pembeni.

"Jino moja?" Isaka aliuliza.

"Moja tu."

Jino moja. Isaka aliitoa gia, akaisogeza, na Cecilia akamwongoza: bado, bado, rudi kidogo, hapo. Alimtaka athibitishe mara tatu. Kisha akamfundisha kupaka gundi nyembamba kwenye kingo za mapande, akashika mkono wake alipokuwa anakaza nati ili ajue kipi ni kukaza na kipi ni kuvunja. Cecilia alikuwa na mkono mwepesi. Kwa kazi ya siku nne walizungumza zaidi kuliko walivyozungumza mwaka mzima, na mengi hayakuhusu injini.

Waliwasha siku ya Alhamisi, watu wakiwa mashambani wakifyeka, kwa sababu Isaka hakutaka watazamaji. Haji aliazima betri ya lori, akakaa kwenye usukani. Injini ilizunguka mara mbili, ikakohoa moshi wa buluu, ikashika. Ilinguruma ile ngurumo yake ya kupwaya, kama cherehani kubwa, haikuzimika. Isaka aliweka kiganja kwenye kifuniko cha feni akasikiliza silinda moja moja. Zote nne zilikuwa zinaitika. Alijiegemeza kwenye ukuta wa nyumba, akabaki hivyo mpaka Haji alipoizima.

Jioni alikwenda mwenyewe kwa Mazengo, Cecilia akimshika mkono hadharani, akaeleza yote. Alikuwa ameshakata shauri kwamba wakimcheka watamcheka. Mazengo alisikiliza, kisha akamuuliza amemwona daktari gani. Isaka akajibu kwamba upofu wa ukoo hauna daktari. Mazengo akamwambia hilo si la yeye wala Isaka kuamua, na kwamba safari ya kwanza ya gari la wagonjwa lazima iwe na mgonjwa, naye ameshampata.

Wakaenda Dodoma, Haji akiendesha. Kwenye kitanda cha kukunja alilala mzee mwenye nimonia, Cecilia akamwangalia njia nzima, Isaka akakaa mbele akisikiliza injini. Hospitalini daktari alimulika macho yake kwa tochi ndogo kwa muda usiozidi kumeza mate mara tatu. Akasema ni mtoto wa jicho, yote mawili, ameiva vizuri. Akauliza kwa nini amechelewa hivyo. Isaka alimweleza habari za baba yake. Daktari akasema inawezekana hata baba yake alikuwa na ugonjwa huo huo, na ungeweza kutolewa, kama kungekuwa na wa kuutoa.

Neno hilo Isaka alilibeba siku mbili. Lilimletea huzuni kwa ajili ya baba yake, na chini ya huzuni ile kulikuwa na nafuu kubwa kiasi kwamba aliona aibu nayo.

Walianza na jicho la kulia. Siku bandeji ilipofunguliwa na akavishwa miwani minene, alimwona kwanza muuguzi, halafu dirisha, halafu Cecilia mlangoni amebeba chungwa. Alikuwa amekonda kuliko alivyomkumbuka. Alimwita, akamtazama kwa muda mrefu mpaka Cecilia akamwambia aache, watu wanaona.

Yule mzee wa nimonia alipona kabla Isaka hajaruhusiwa, wakarudi naye. Karibu na Manyoni mkanda wa feni ulianza kulia. Haji alisimamisha gari akachukua spana, lakini Isaka alikuwa ameshashuka. Aliipokea spana, akafungua mlango wa nyuma, akainama juu ya injini. Cecilia na Haji walisimama nyuma yake bila kumsaidia. Alichukua muda wake. Alilegeza, akarekebisha, akakaza, akaupima mkanda kwa kidole gumba, kisha akafunga mlango akawaambia, "Pandeni, twende."