Wasichana Kumi na Mmoja wa Karakana

Saa mbili na robo asubuhi mkuu wa idara alisimama mlangoni mwa karakana akihesabu wanafunzi wa uhandisi kwa ncha ya kalamu. Wavulana thelathini na mmoja. Msichana mmoja, yule waliyemwita Katibu, kwa kuwa tangu mwaka wa kwanza kazi yake ilikuwa kuandika ripoti za kundi. Wakaguzi walikuwa njiani. Wanawake wasipofika robo ya wanafunzi, idara ingefungwa.

"Mwanangu, wenzako wako wapi?"

"Walikuwa wawili, mwalimu. Walihamia ualimu."

Maji yalikuwa yamemfika mkuu shingoni. Katibu akaomba ruhusa kwenda chooni, jengo la tatu, kwani hapo karakanani palikuwa na vyoo vya wanaume tu. Aliporudi alikuwa kumi na mmoja. Waliingia kwa mstari, wote na kovu lilelile la Katibu kidevuni, kila mmoja akiomba radhi kwa kuchelewa. Fundi wa karakana alinung'unika kwamba makoti ya kazi hayatoshi, akaenda kuazima.

Wakaguzi walipofika waliuliza kama kuna tatizo.

"Hatujawahi kugusa mashine ya kukerezea chuma," alisema wa kwanza.

"Mwaka wa tatu huu," alisema wa pili.

"Na mtihani wa vitendo ni Ijumaa." Huyo alikuwa wa tatu.

Mkuu alikohoa. Mkaguzi mmoja alitikisa kichwa kwa huruma, lakini fomu ilikuwa na nafasi ya idadi tu. Akaandika kumi na mmoja, akagonga muhuri.

Walipoondoka, fundi aliwasha mashine. Katibu mmoja akapita mbele, akashika mkono wa mashine, akaung'ang'ania.

"Leo sitoki, fundi."

Chuma kilizunguka kwa kishindo. Kisha mvulana mmoja akambandua vidole, kimoja kimoja, kwa upole.

"Dada, tuachie. Wewe una mwandiko mzuri."

"Chuma hakina huruma, binti yangu," fundi aliongeza. "Utaumia bure."

Siku hiyo ripoti iliandikwa mara kumi na moja.

Ijumaa waliitwa kwenye mashine mmoja baada ya mwingine. Wote walivunja kisu cha kukerezea, kila mmoja dakika ileile ya zamu yake.

Fundi alijaza sifuri ya mwisho, akamgeukia mkuu kwa masikitiko.

"Mimi nilidhani ni yule mmoja tu," alisema. "Kumbe wote ndivyo walivyo."