Saa Moja ya Shangazi

Shangazi aliketi mbele ya kompyuta, kilemba kimemkaa vizuri, akimngoja mtaalamu wa usemi aliye ng'ambo. Tangu apooze upande mmoja, mtaalamu huyo alikuwa akimfundisha kuzungumza upya kila wiki kwa njia ya mtandao. Siku hiyo hakutokea mtu. Shangazi alingoja mpaka shingo ikamuuma, kisha akamgeukia binti wa kaka yake.

"Ame... nichoka," akasema kwa taabu.

Binti alichomwa moyo, maana mfumo ule wa miadi ulitengenezwa na ofisi yake mwenyewe. Kesho yake alifungua msimbo, yaani maandishi yanayoendesha mfumo huo, akaliona tatizo. Kule kwa mtaalamu walikuwa wamesogeza saa mbele, kama wafanyavyo kila mwaka majira ya joto yanapokaribia. Mtaalamu alifuata saa ya ukutani kwake, akasubiri, akakata tamaa. Mfumo, usiojua lolote, ukamwita shangazi saa nzima baadaye.

"Punguza saa moja kwenye miadi yote, tumalize," meneja akasema.

"Yote? Wako wataalamu wa nchi zisizogusa saa kabisa. Hao tutawavuruga."

"Ni wachache."

"Shangazi yangu naye alikuwa mtu mmoja tu, na aliumia."

Ofisini walimwita binti huyo Mkaidi, na siku hiyo hakujitetea. Alisema mstari huo wa kupunguza saa hatauandika, na akiuandika mwingine, yeye kama mkaguzi hataupitisha.

"Nitakuondoa kwenye kazi hii."

"Niondoe kesho, mkuu. Leo naitengeneza. Kila miadi itashika saa ya mtaalamu pamoja na mji wake, na mfumo utatazama kwanza saa za mji huo zimekaaje siku hiyo."

Meneja alitoka akabamiza mlango. Mkaidi akahesabu kuwa hajakatazwa. Mwenzake wa meza ya pili alisogeza kiti wakaandika pamoja. Jioni marekebisho yakaingia kwenye mfumo.

Mkaidi alipewa onyo kwa utovu wa adabu, akatakiwa aombe radhi. Alikataa kwa sauti ya chini, akarudi mezani kwake. Hawakumfukuza, walimhamishia kazi nyingine, na marekebisho yake hakuna aliyethubutu kuyafuta.

Wiki iliyofuata uso wa mtaalamu ulitokea kwenye kioo cha kompyuta kwa wakati. Shangazi alimkazia macho, akajikusanya.

"Ulikuwa wapi wewe?" akauliza, kila neno limekamilika.

Mkaidi, aliyesimama nyuma ya kiti, alicheka mpaka machozi yakamtoka. Radhi hajaomba hadi leo.