Sentensi ya Wabeba Mawe

Saa nne kamili asubuhi, kama ilivyo kawaida katika ofisi ya ensaiklopidia, sentensi zisizo na chanzo zilianza kudondoka kutoka kurasani. Mfagizi alikwisha kusimama na ufagio wake. Za siku hiyo zilikuwa nyepesi, nyingi zikianza na "inasemekana", akazizoa zote bila jasho.

Moja tu ilipasua kigae.

Ilitoka kwenye makala ya daraja: "Mawe ya nguzo yalibebwa vichwani na wanawake arobaini." Mhakiki wa vyanzo, mama wa makamo ambaye ofisi nzima ilimwita Bi Ushahidi, aliinyanyua kwa mikono miwili, akaipangusa vumbi, akairudisha mahali pake. Hicho kilikuwa kigae cha tano wiki hiyo. Mama yake mzazi alikuwa mmoja wa hao arobaini, na kesho yake makala ilikuwa inakwenda mtamboni.

Sentensi ya juu yake, kwamba daraja lilijengwa na waziri, haikutikisika hata kidogo. Ilikuwa na magazeti matatu chini yake, na yote matatu yalinakili hotuba ya waziri mwenyewe.

Mhariri alimwonea huruma, akamshauri abandike chini ya sentensi hiyo jina la kitabu chochote kinene.

"Nani atafungua ukurasa wa mia nne, dada yangu?"

"Mimi," akasema Bi Ushahidi.

Saa sita mchana akafika mama yake, marehemu wa miaka tisa, ngata ya kubebea mawe bado kichwani. Alizilaani ngazi za jengo, akavuta kiti, akauliza kulikoni. Akaelezwa.

"Si mimi hapa? Niulize."

"Wewe ni chanzo, mama, ila hujachapishwa."

Marehemu akacheka mpaka ngata ikamwanguka. Aliposikia habari ya kitabu kinene, akamkazia macho bintiye.

"Nilibeba mawe miaka miwili, sikuiba hata moja. Usije ukanipitisha mlango wa nyuma."

"Sikupitishi."

"Ndiyo maana nilikuzaa," akasema, akaokota ngata yake, akateremka taratibu.

Makala ilichapishwa. Waziri amesimama wima juu ya magazeti yake matatu. Sentensi ya wabeba mawe iko mezani kwa Bi Ushahidi, inakandamiza karatasi zisipeperuke dirisha likiwa wazi. Wageni wakiuliza ni kitu gani, huwaambia wajaribu kuinyanyua. Hajatokea bado aliyeiweza kwa mkono mmoja.