Ua la Dirishani

Wifi yangu, mke wa kaka, si mtu wa kuomba omba. Alikuja Jumapili na tumbo lake la miezi saba, akakaa ukingoni mwa kochi langu kama mtu anayesubiri kuitwa, akasema, "Wifi, safari hii nataka blanketi ambalo hujawahi kumfumia mtoto mwingine. Nakuomba usirudie."

Sikuuliza kwa nini. Kila mtoto wa ukoo wetu nimempokea kwa blanketi la kroshia. Kwa wifi nilishafuma mawili, la mananasi na la vipepeo, na yote mawili yako kwenye mfuko wa nailoni juu ya kabati lake. Mtoto wa kwanza alikaa siku nne. Wa pili hata sauti yake hatukuisikia.

"Nitafuma," nikamjibu, kana kwamba mitindo huota yenyewe kama kucha.

Kumbe kichwa kilikuwa kitupu. Nilipekua kitabu changu cha mitindo hadi jalada likabaki mkononi. Nilipekua simu, nikakuta mananasi, vipepeo, na vitu ambavyo jirani yangu ameshavitandika juu ya televisheni. Nilianza nikafumua, nikaanza tena nikafumua tena, mpaka uzi ukaota manyoya. Kazini, masijala, wenzangu waliponiambia, "Si uchukue tu mtandaoni?" niliwajibu vibaya, na sijutii. Kusema kweli niliogopa. Kila nilichokianza nilikiona tayari kiko juu ya lile kabati.

Wiki ya tatu barabara yangu ilifungwa, wanachimbua bomba, ikabidi nipite kichochoro cha nyuma ya karakana. Huko kulikuwa na nyumba ya rangi ya maziwa, na nondo za dirisha lake zilinisimamisha. Hazikuwa mishale wala mistatili kama za watu wengine. Yalikuwa maua, yameshikana ncha kwa ncha, kila moja na petali nane zikizunguka duara dogo. Nikatoa bahasha ya ofisi nikaanza kuchora palepale. Vidole vilikuwa vinawasha. Vitanzi sita, unga duara, panda petali ya kwanza.

Kesho yake nilirudi kuhesabu upya, ndipo nikaliona ua la tatu kutoka juu. Lilikuwa na petali saba. Zimetanuliwa kidogo ili pengo lisionekane, lakini ni saba. Nikashangaa, maana mtu anayepima chuma kwa rula na chaki hakosei hivyo. Kosa lile nalijua kwa vidole vyangu mwenyewe. Humpata mtu anayehesabu vitanzi huku mawazo yako kwingine, akiruka kimoja hajui. Lilikuwa kosa la sindano ya kroshia, limo kwenye chuma.

"Wewe mama! Jana tumekuona, leo tena. Unahesabu nini dirishani kwa watu?"

Alikuwa jirani wa nyumba ile, mwanamke mwenye ndoo mkononi na macho makali. Nikamwonyesha bahasha. "Nahesabu maua."

"Maua!" Akageukia mlangoni. "Bonge! Toka uone, mwizi wako anaandika kabisa!"

Mwenye nyumba akatoka, na alitoka kiubavu, kwa sababu mlango haukumtosha akiwa amenyooka. Alikuwa na aproni ya ngozi na miwani ya kuchomelea imepandishwa kwenye paji la uso. Mimi nikiogopa huwa mkali, basi nikamwahi. "Dirisha hili nani amelifuma?"

"Kufuma? Nimelichomelea mwenyewe."

"Na lile ua la petali saba?"

Akaliangalia kama naye ndiyo kwanza analiona. "Ndivyo lilivyokuwa."

"Lilikuwa wapi?"

"Kwenye blanketi langu," akasema, na sauti ikashuka.

Mama yake alilifuma akiwa na mimba yake. Bonge alifunikwa nalo hadi likawa matambara, na alipojenga nyumba alilitandaza sakafuni karakana, akalichora kwa chaki petali kwa petali kabla halijachakaa likaisha kabisa, kisha akakunja nondo kufuata mchoro. Zile saba alidhani ni urembo.

"Ni kosa," nikamwambia. "Mama yako aliruka moja." Nikajuta palepale, mdomo wangu huu utaniponza siku moja.

Bonge akagusa ua lile kwa kidole kinene. "Aliruka," akasema taratibu, kisha akatabasamu. "Basi nilikuwa nampiga mateke."

Jirani akaweka ndoo chini. Nami nikajikuta nawaeleza habari za wifi, zaidi ya nilivyokusudia.

"Chukua," Bonge akasema. "Chukua lote."

Nilifuma kila jioni nikitoka kazini. Nilipofika kwenye ua la tatu mkono ukasita. Kuongeza petali moja kungenichukua dakika mbili. Nikaliacha na saba.

Wifi alilipokea siku chache kabla ya kujifungua. Akalitandaza juu ya tumbo, akalipitishia kidole ua kwa ua, taratibu, akiwa anatabasamu, hadi kidole kikakwama.

"Hapa umekosea."

"Sikukosea mimi. Lilikosewa zamani." Ningeweza kunyamaza, lakini wifi hadanganywi na mimi. "Si jipya, wifi. Lilifumwa kwanza kwa mtoto mwingine."

Uso wake ukakunjamana. Akauondoa mkono kwenye blanketi. "Nilikuomba usirudie."

"Najua."

 

"Mtoto gani?" akauliza bila kunitazama. "Yuko wapi?"

"Yuko karakana, anachomelea mageti. Ana miaka hamsini na mitatu."

Akageuka. "Amekua?"

"Amekua, wifi! Mlangoni anapita kiubavu."

Alianza kwa kucheka, na kicheko kikageuka kilio katikati, nami nikalia naye, sioni aibu kusema. Alipofuta machozi alirudisha kidole kwenye ua la petali saba, akakiacha hapo.

"Hebu rudia," akasema. "Mlangoni anapitaje?"